Maswali yenu: Faina Ranevskaya, kigugumizi, na nafasi za dakika tano

Mwezi uliopita hapa nilimtaja mwigizaji mmoja wa Urusi kwa mistari miwili tu, nikasema alikuwa na kigugumizi tangu utotoni na bado akaja kuwa katika wakubwa kabisa wa jukwaa na filamu kule kwao. Wallahi sikutegemea yaliyofuata. Meseji zimeingia kutoka Kisauni, Majengo, Likoni mpaka Mtwapa, kwahivo yale maswali ya tamthilia za Kituruki nimeyaweka kando, mtaniwia radhi, leo ukurasa mzima ni wa huyu mama.

*

*Assalam aleikum Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 17, niko Kisauni, nina kigugumizi tangu mdogo. Skuli tulipokuwa tunachaguliwa kwa mashindano ya drama nilisimama nikajaribu, neno la kwanza likakwama, aliyekuwa anachagua akanambia mbele ya watu niende nikashike pazia. Walicheka wote. Nataka kujua, huyo mama wa Urusi ni kweli alikuwa kama mimi ama uliandika tu kututia moyo?*
Binti wa Kisauni

Waaleikum salaam mwanangu. Ni kweli, na mimi kumtia mtu moyo kwa uongo sifanyi. Kwanza pole, mtu mzima hafai kumjibu mtoto hivo mbele ya wenzake. Kushika pazia ni kazi na ina heshima yake lakini wewe hukuomba pazia.

Sasa sikiliza. Faina alizaliwa tarehe 27 Agosti 1896 katika mji unaoitwa Taganrog, kusini mwa Urusi, mji wa bandari kama huu wetu, uko kwenye bahari ya Azov. Jina la kuzaliwa ni Faina Feldman, familia ya Kiyahudi, babake tajiri haswa, ana kiwanda cha rangi, ana majumba, ana mpaka meli. Lakini pesa za baba hazikulainisha ulimi wa mtoto. Skuli alikuwa mnyonge, hana wenzake, masomo hayaendi, mwisho wakamtoa akawa anasomeshwa nyumbani na walimu wa kuletwa. Na huko huko nyumbani ndiko alikoanza kuwaiga watu, kila anayeingia na kutoka, sauti yake, mwendo wake, mikono yake inavyokwenda. Mtoto asiyeweza kuongea sana huwa anatazama sana, hilo nimeliona kwa watoto niliowafundisha michezo miaka yote hii.

Mwaka 1915 akaenda Moscow, babake hataki hata kusikia habari ya binti wa watu kupanda jukwaani. Vyuo vya maigizo vyenye jina vikamkataa vyote, eti hana kipaji. Na wewe unajua kigugumizi kinavyofanya ukishasimama mbele ya watu wanaokupima, kinapanda mara mbili. Aliyemshika mkono alikuwa Yekaterina Geltser, nyota wa baleti wa jumba la Bolshoi, akamuombea kazi kwenye jumba dogo la michezo ya msimu wa joto huko Malakhovka, nje kidogo ya Moscow, kazi yenyewe nafasi ndogondogo tu.

Hapa ndipo ninapotaka usimame mwanangu. Kuna nafasi moja aliyoipata pale ambayo aliisimulia mpaka uzeeni, na nafasi hio haikuwa na neno hata moja. Alikuwa akae jukwaani tu mchezo mzima. Akamuendea mwigizaji mkubwa wa mchezo ule, Illarion Pevtsov, akamuuliza nifanye nini na mimi sina la kusema, akajibiwa, unipende, unipende sana, na kila linalonipata likuguse. Basi Faina akampenda saa zote za mchezo, pazia likafungwa yeye bado analia, watu wanamuuliza unalia nini mchezo umeisha, anasema nampenda. Pevtsov akawaambia wenzake kwamba msichana huyu atakuwa mwigizaji wa kweli. Na unajua Pevtsov mwenyewe alikuwa na shida gani? Kigugumizi. Alikishinda kwa mazoezi, na stejini alikuwa anaongea safi.

Utauliza inawezekanaje. Nenda chuoni, pale unapojua kuna mtoto mwenye kigugumizi, msikilize anavyosoma kasida na wenzake. Hakwami. Maneno yakiwa yamekaa kichwani, yana mapigo yake na mahali pake pa kuvuta pumzi, ulimi huwa unapita, watu wengi wenye kigugumizi wako hivo wakiimba au wakisoma pamoja na wengine. Mchezo wa jukwaani nao ni maneno yaliyokaa kichwani. Faina alijifunza kuyavuta maneno, hakimbilii, anayalaza, na ukimsikiliza kwenye filamu zake utaona ule uvutaji umegeuka kuwa sauti yake, hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Sikwambii kwamba alipona. Nje ya jukwaa, hasa akikasirika, kilikuwa kinarudi.

Kwahivo fanya hivi. Chukua shairi moja la Kimvita unalolipenda, lijue kwa moyo mpaka usilifikirie, lisome kila siku kwa sauti na uweke alama pa kupumua, alafu umuone mwalimu mwingine wa drama, si yule. Mwambie nina kigugumizi na nimejitayarisha. Mwambie mapema, usingoje likwame ndio ajue. Alafu niandikie.

*

*Mwalimu, Ranevskaya ni jina la mume?*
Mama Watatu, Majengo

Hapana, hakuolewa maisha yake yote wala hakuzaa. Ranevskaya ni jina la mhusika, yule mama mwenye shamba katika mchezo wa mwandishi Chekhov wa bustani ya micheri, na Chekhov naye ni mzaliwa wa Taganrog kwahivo mjini kwao lilikuwa jina la nyumbani. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa anatoka benki kuchukua pesa alizotumiwa na mamake, upepo ukampokonya noti zikaruka, yeye badala ya kuzifukuza akasimama anatazama akasema, zinaruka vizuri kweli. Aliyekuwa naye akamwambia wewe ndio Ranevskaya hasa, maana yule mama wa kwenye mchezo naye pesa hazikai mkononi. Jina likabaki.

Na walikuwa hawajui kwamba litakuja kumfaa zaidi ya hivo. Mwaka 1917 mapinduzi yalipoingia, babake aliipakia familia kwenye meli yake mwenyewe wakaondoka Urusi. Faina hakupanda. Alibaki kwa ajili ya jukwaa, akiwa na miaka ishirini hivi, hana baba hana mama hana dada, nchi inaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Yule mama wa Chekhov anapoteza nyumba na bustani, huyu wetu alipoteza nyumba yenye watu ndani yake. Aliyempokea ni mwigizaji mkubwa kwake kwa umri, Pavla Wulff, alimuona akicheza mji wa Rostov akamuendea akamuomba amfundishe, na tangu hapo wakawa kama mama na mwana. Wakaenda pamoja Crimea, njaa kali, watu wanaanguka barabarani, na mwenyewe alisema walipona kwa sababu ya mshairi Maximilian Voloshin aliyekuwa akiwaletea mkate na samaki kwenye mfuko. Mjukuu wa Wulff alikuja kumpenda kama mjukuu wa tumbo lake.

*

*Bwana mwalimu mimi nimemtafuta YouTube huyo mama wako, nikaangalia filamu mbili, anatokea dakika chache tu alafu basi. Nyota gani huyo? Mbona hakupewa filamu akawa yeye ndio steringi?*
Mpenzi wa Sinema, Tudor

Bwana, swali zuri na linaniuma kidogo mana ndilo lililomuuma yeye maisha yake yote.

Filamu ya kwanza alicheza mwaka 1934, akiwa na miaka karibu 38, umri ambao wengine wameshaanza kusahaulika. Ilikuwa Pyshka, kutoka kwa hadithi ya Mfaransa Maupassant, mwongozaji Mikhail Romm, na ilikuwa filamu isiyo na sauti. Sasa tazama alivyofanya, sauti haitasikika lakini yeye akaenda akatafuta kitabu cha Kifaransa akajifunza maneno ya mhusika wake kwa lugha yake, ili midomo iende sawasawa. Nani angejua? Hakuna. Yeye angejua.

Mwaka 1939 ikaja Podkidysh, filamu ya mtoto mdogo aliyepotea Moscow. Ndani yake kuna mwanamke mkali mwenye mume mpole, na mume kila akifungua mdomo anaambiwa, Mulya, usinichokoze roho. Sentensi fupi tu. Nchi nzima ikaishika, watoto wakawa wanamfuata barabarani wanampigia kelele Mulya Mulya, na mama wa watu akaichukia sentensi ile mpaka kufa. Inasimuliwa hata Brezhnev, siku anamvisha Nishani ya Lenin mwaka 1976, alianza na Mulya. Fikiria umecheza kazi za waandishi wakubwa, ya Gorky, ya Chekhov, ya Ostrovsky, alafu mkuu wa nchi anakukumbuka kwa hilo.

Ukitaka kumuona mwenyewe mzima, acha hizo mbili ulizoangalia utafute Mechta, ya Romm huyohuyo. Filamu ilimalizwa 1941 vita vikaingia Juni mwaka uleule, ikatoka 1943. Anacheza mama mwenye nyumba ya kupangisha, bakhili, mkali kwa wapangaji, anahesabu kila kipande cha sukari, na roho yake yote iko kwa mwanawe ambaye hana faida. Mara ya kwanza utamchukia. Alafu kuna pahali yule mwana anamvunja moyo, na yeye hapigi kelele, uso tu unabadilika, na wewe unajikuta umeshamuelewa mwanamke ambaye dakika mbili nyuma ulitaka afukuzwe. Mimi nimefundisha maigizo Mombasa hii zaidi ya miaka ishirini, na kila nikitaka kuwaonyesha vijana kwamba mtu mbaya kwenye mchezo hafai kuchezwa ubaya mtupu, nawawekea Mechta.

Sasa kwanini hakupewa zaidi. Moja, uso. Hakuwa mrembo wa kipimo cha sinema za wakati ule, pua kubwa, mwili mkubwa, na sinema ilitaka warembo kina Lyubov Orlova. La pili ni baya zaidi. Mwaka 1942 Eisenstein, mwongozaji mkubwa kuliko wote Urusi, alimtaka kwenye filamu yake ya mfalme Ivan acheze Efrosinya, mama mkubwa mwenye hila, nafasi ya uzito kabisa. Mkubwa wa idara ya filamu ya serikali akaandika barua kupinga, sababu aliyoitaja ni kwamba sura yake ya Kiyahudi inaonekana sana, hasa kamera ikisogea karibu. Imeandikwa hivo, barua ipo. Nafasi akapewa Serafima Birman. Mimi sijui utamwambia nini mtu aliyeiacha familia yake nzima ikaondoka kwa meli, yeye akabaki kwa ajili ya kazi hio, alafu anaambiwa uso wake ndio kosa.

Kwahivo alichokuwa akipewa ni dakika tano, na dakika tano hizo alizifanya ziwe nyumba. Pale Mossovet, jumba la michezo la Moscow, kulikuwa na mchezo wa mapinduzi, Shtorm, yeye akapewa mwanamke mlanguzi anayehojiwa ofisini. Maneno hayakumtosha, akaomba ruhusa akaandika mengine mwenyewe, na mwandishi wa mchezo akakubali. Watu wakawa wanajaa kumuona Manka huyo, na akishatoka jukwaani wengine wanachukua makoti yao wanakwenda nyumbani. Yuri Zavadsky aliyeongoza mchezo mwisho aliiondoa sehemu ile, ilikuwa inaua mchezo uliobaki. Na ile filamu ya Zolushka ya 1947, hadithi ya yule binti wa kambo na kiatu, mama wa kambo ni yeye, watoto wa kule wanakua nayo mpaka leo.

Na kama una watoto nyumbani watafutie katuni ya Karlson ya mwaka 1970, yule mama mlezi wa nyumba mwenye sauti nzito ni yeye. Hata sura haionekani, na bado ukisikia utamjua.

*

*Tuzo alipata ngapi?*
Mfupi wa Maneno, Mtwapa

Tuzo ya Stalin mara tatu, moja 1949 na mbili 1951, alafu 1961 akawa Msanii wa Taifa wa Umoja wa Sovieti, ambacho ndicho cheo cha juu cha msanii. Twende mbele.

*

*Salaam, kuna misemo yake inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ya kuchekesha na mengine ya matusi kidogo kuhusu wanaume na uzee. Ni yake kweli? Nilimtumia mamangu mmoja akanigombeza.*
Dada wa Likoni

Mamako yuko sawa dadangu. Ranevskaya alikuwa na ulimi mkali, hilo haliko kwenye shaka, waliokaa naye wote wamesema. Lakini alipofariki kila mtu mwenye kichekesho chake akaona akikibandika jina lake kitauzika, na kule kwao vikatoka vitabu juu ya vitabu, mengi humo ni ya kutungwa. Alafu yakaingia kwenye simu, yakatafsiriwa, yakatiwa chumvi.

Mimi hili linanisumbua kwa sababu moja. Mwenyewe aliwahi kuandika kumbukumbu za maisha yake, pesa za kitabu ameshapokea nusu, akayachana makaratasi yote na pesa akarudisha. Mtu aliyechana maneno yake mwenyewe kwa kuona hayafai, leo anazungushwa mjini na maneno ambayo hajayasema. Ukipata msemo wake, uliza alisema wapi na nani alimsikia. Hakuna jibu, usitume.

*

*Mwalimu, mimi ni mzee sasa, nakaa Mji wa Kale. Kitambo nilimsikia mtu aliyesoma Moscow akisimulia mchezo wa wazee wawili waliotenganishwa na watoto wao, akasema mwigizaji alimliza ukumbi mzima. Nikisoma jina la Ranevskaya nikakumbuka. Ndio yeye?*
Mzee wa Kibokoni

Shikamoo mzee wangu. Ndio yeye, na umenigusa pahali.

Mchezo unaitwa Dalshe tishina, yaani baada ya hapo ni kimya. Asili yake ni Marekani, hadithi ya mume na mke waliokaa pamoja miaka hamsini, nyumba inachukuliwa na benki, wana watoto watano wakubwa, na katika watano hakuna mwenye nafasi ya kuwachukua wote wawili. Mmoja anachukua baba, mwingine mama, hivi kwa muda tu, wanasema. Muda unageuka. Mama anajua sasa anapelekwa nyumba ya wazee na baba hajui hilo, na mama ndiye anayeamua asiambiwe.

Mossovet waliuanza mwaka 1969, mwongozaji Anatoly Efros, Ranevskaya ndiye mama, Rostislav Plyatt ndiye baba. Alikuwa ameshapita miaka 70 ulipofunguliwa, akaendelea nao zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1978 ukarekodiwa kwa TV, kwahivo hata wewe mzee ukimwambia mjukuu akutafutie kwenye simu utauona. Lugha haitakuzuia, angalia tu ile sehemu ya stesheni. Wanaagana kana kwamba ni safari ya wiki moja, mama anatania, anatengeneza kola ya koti la mumewe, na yeye anajua hawataonana tena. Halii. Ukumbi ndio unalia. Ni lile alilojifunza Malakhovka mwaka 1915, umpende mwenzio na kila kinachompata kikuguse, hakuna kingine alichoongeza zaidi ya miaka.

Na alikuwa anacheza kitu anachokijua. Mamake na babake waliondoka kwa meli, miaka arobaini ikapita. Dadake alirudi Moscow miaka ya sitini wakaishi pamoja, haukupita muda mrefu saratani ikamchukua. Nyumbani alibaki na mbwa, mbwa wa kuokotwa barabarani, akimwita Kijana. Jukwaa aliliacha akiwa ameshapita miaka 85, akafariki tarehe 19 Julai 1984, akazikwa makaburi ya Donskoy pamoja na dadake.

Kuhusu huyo mtu uliyemsikia mzee, sitashangaa akiwa ni mjombangu, maana alikuwa akiisimulia habari hii barazani kila akipata wa kumsikiliza. Alikuwa Moscow miaka ya sabini, anasomea uhandisi Chuo cha Patrice Lumumba, na mchezoni alipelekwa na wenzake wa skuli, yeye mwenyewe hakuwa mtu wa michezo. Alitoka pale usiku, baridi, akatembea mpaka dakhalia badala ya kupanda treni ya chini. Alikuwa hajaandika nyumbani miezi saba. Usiku ule akamuandikia mamake, bibi yangu, huku Kuze. Barua nimeiona kwa macho yangu, ilikuwa kwenye kasha la bibi pamoja na leso zake mpaka tulipomzika. Haina chochote cha mchezo wala cha Urusi. Amemuuliza miguu inaendeleaje, na kama ile paa ya jikoni bado inavuja.